Sifa ya Utulivu: Dalili za Usonji Zinavyopita Kianda Bila Kuonekana

Mama akienda kibarua alfajiri na kurudi jioni, nani atagundua kwamba mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu hajawahi kumwonyesha kitu kwa kidole?

Saa kumi na mbili asubuhi vichochoro vya Kianda, Kibera, jijini Nairobi, huwa vimeshajaa watu. Wa mjengo wanapanda kuelekea Ayany na Olympic kutafuta matatu, wengine wanakwenda kwa miguu ili kuokoa nauli, na akina mama wanaofulia watu nguo Lang'ata na Kilimani wanapitia kwanza kwa mama mlezi. Mtoto anateremshwa mgongoni, anakabidhiwa pamoja na chupa ya uji na nepi mbili, kisha mama anaharakisha. Kawangware nako ni vivyo hivyo, ila huko wengi wanaelekea Lavington, ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba zenye ua na kamba ndefu za kuanikia.

Jioni swali ni lile lile: amesumbua leo? Na hakuna jibu linalompendeza mama aliyechoka kama kuambiwa kwamba mtoto wake ni mtulivu, hana shida na mtu, ukimweka pale unamkuta pale pale.

Mara nyingi hizo ni habari njema. Mara chache ni dalili ya kwanza ya usonji, nayo inapita hivyo hivyo, imevikwa sifa. Homa hujitangaza kwa joto na kuhara kunajulikana kwa nepi, lakini dalili za mapema za usonji kwa sehemu kubwa ni mambo ambayo hayakutokea: jina lililoitwa bila mtoto kugeuka, kidole ambacho hakikunyooshwa, kicheko ambacho hakikujibiwa kwa kicheko. Mtu haoni kwa urahisi kitu ambacho hakipo, hasa katika chumba cha mabati chenye watoto kumi na wawili na mlezi mmoja.

NDEGE YA WILSON

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo. Humfanya mtu awasiliane na wenzake kwa njia tofauti, ashikilie mazoea na mambo anayoyapenda kwa nguvu, na apokee sauti, mwanga, ladha na mguso kwa namna yake. Mtoto huzaliwa na mwelekeo huo, na sehemu kubwa ya chanzo chake iko kwenye jeni. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kati yao wapo wanaosema sana na wasiosema kabisa, wanaohitaji msaada maisha yao yote na wanaoajiriwa na kujitegemea.

Kuna kipimo kimoja ambacho Kibera inapewa bure kila siku. Ndege ndogo zinazopaa na kutua Uwanja wa Wilson hupita juu ya mabati zikiwa chini kiasi cha kuhesabika madirisha. Mlio ukisikika, mtoto wa mwaka mmoja na nusu hunyoosha kidole juu. Mtazame vizuri wakati huo, kwa maana anafanya mambo matatu kwa kasi: anaitazama ndege, anakugeukia usoni, kisha anairudia ndege. Hakuombi umpe ile ndege. Anataka muione pamoja, na anahakikisha kwamba umeiona.

Kitendo hicho cha kushirikiana katika kutazama ndicho wataalamu wanachokitafuta kuliko karibu kitu kingine chochote katika umri huo. Mtoto mwenye usonji anaweza kuipenda ndege kuliko watoto wote wa ploti, akaikodolea macho mpaka ipotee, lakini asikutafute ili kukushirikisha. Akitaka kikombe kilicho juu ya meza, huenda akaushika mkono wako na kuupeleka kwenye kikombe bila kukutazama usoni. Kwa hiyo anaomba, ila haonyeshi. Tofauti hiyo ni ndogo sana kwa macho ya mpita njia, lakini ni kubwa mno kwa anayejua anachotafuta.

MWEZI KWA MWEZI

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja, na dalili moja pekee haimfanyi mtoto kuwa na usonji. Hata hivyo, kuna hatua ambazo zikikosekana hazifai kungojwa.

Kufikia miezi 6, mtoto anayechekeshwa na mtu anayemjua hutabasamu kwa uso wake wote. Kufikia miezi 9 hugeuka akiitwa jina lake, na hubadilishana nawe sauti na mikunjo ya uso, wewe ukianza yeye akimalizia. Akitimiza mwaka huwa anabwabwaja “ba-ba-ba” na “da-da-da”, anapunga mkono wa kwaheri, ananyoosha mikono abebwe, na anafurahia kufunikwa uso kwa leso na kufunuliwa. Katika miezi 16 hadi 18 maneno machache yanatarajiwa, pamoja na kile kidole cha kuonyesha. Akifika miaka miwili anaunganisha maneno mawili yaliyo yake mwenyewe, kama “leta maji” au “mama ameenda”, na mwenzake akilia yeye hutambua na kumtazama.

Kisha kuna dalili za upande wa pili, zile za vitendo vinavyozidi. Mtoto anavipanga vifuniko vya soda kwa mstari mmoja sakafuni na kulia kwa uchungu kimoja kikisogezwa. Anakipindua kigari cha kopo na kulizungusha gurudumu lake nusu saa nzima badala ya kukiendesha. Anapungapunga viganja kando ya kichwa, anatembea kwa ncha za vidole, anarudiarudia tangazo la redio neno kwa neno ilhali hawezi kuomba maji. Garimoshi likipiga honi, yeye anaziba masikio na kupiga kelele wakati wenzake wanakimbilia kulitazama. Anakula wali mweupe tu, na ukimpitisha njia nyingine ya kwenda nyumbani anajitupa chini.

Dalili moja haina mjadala katika umri wowote: mtoto aliyekuwa na maneno, au aliyekuwa akipunga mkono na kuitika, kisha akaacha. Karibu thuluthi moja ya watoto wenye usonji hupoteza hivyo ujuzi waliokuwa nao, wengi wao katika mwaka wa pili. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu kuna magonjwa mengine, yakiwemo aina fulani za kifafa, yanayoweza kuleta hali kama hiyo.

ATAONGEA TU

Katika ploti ya vyumba kumi, ushauri haukosekani. Wavulana huchelewa kuongea. Hata babake alichelewa. Anachanganywa na lugha nyingi. Amelishwa katuni.

Suala la lugha linaigusa Kianda moja kwa moja. Mtoto anaweza kulala akiimbiwa kwa Kijaluo, akashinda kwa mlezi anayezungumza Kiluhya, akacheza kwa Sheng na kukemewa kwa Kiswahili. Hayo yote hayaleti usonji. Ukitaka kujua kama mtoto wa lugha nyingi amechelewa, hesabu maneno yake ya lugha zote kwa pamoja. Halafu tazama mikono na macho yake, kwa sababu kuonyesha kwa kidole hakuna lugha.

Masikio nayo lazima yapimwe kwanza. Maambukizi ya sikio, yale ya kutoa usaha, ni jambo la kawaida kwa watoto wadogo, na mtoto asiyesikia naye haitiki. Wazazi wengi wa watoto wenye usonji hueleza fumbo moja: ukimwita jina mara tano hageuki, lakini karatasi ya biskuti ikikwaruza chumba cha pili amefika. Hilo linaashiria kwamba masikio yanafanya kazi. Hata hivyo halitoshi kuwa kipimo, kwa hiyo apimwe na wenye vifaa.

Wengine husema watoto wetu hulelewa wasimkodolee mkubwa macho, kwa hiyo kutotazama ni adabu. Adabu hiyo hufunzwa mtoto anayejua kutumwa dukani. Mtoto anayenyonya bado hajafundishwa, na kumtafuta mamake kwa macho ni sehemu ya kunyonya kwenyewe.

Wasichana wamo katika hatari ya kusahaulika zaidi. Wavulana wanaotambuliwa ni mara tatu au nne ya wasichana, na sehemu ya pengo hilo inatokana na kwamba msichana mkimya, anayekaa peke yake na kuiga wenzake kwa mbali, humfurahisha kila mtu.

SINDANO YA MIEZI 18

Katika ratiba ya chanjo ya Kenya, sindano ya surua na rubella hudungwa mara mbili: miezi 9 na miezi 18. Mara hiyo ya pili ndiyo iliyozaa maneno mengi. Mama anakumbuka kwamba mtoto alidungwa, na kabla ya mwezi mwingine kuisha akagundua kwamba haongei. Anaunganisha mambo mawili yaliyofuatana.

Shaka hiyo ilipewa nguvu mwaka 1998, daktari Andrew Wakefield wa Uingereza alipochapisha katika jarida la Lancet makala kuhusu watoto 12 akiihusisha chanjo ya MMR, inayokinga surua na rubella pamoja na matumbwitumbwi, na usonji. Uchunguzi uligundua kwamba kazi yake haikuwa ya uaminifu. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo na yeye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, uliofuatilia watoto 657,461, haukuona ongezeko lolote la usonji kwa waliochanjwa. Ukweli ni kwamba dalili huanza kuonekana waziwazi katika umri ule ule ambao chanjo hutolewa, iwe mtoto amechanjwa au la.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Siku hiyo inayolaumiwa ndiyo siku bora zaidi ya kumsaidia mtoto. Katika miezi 18 mtoto yuko mbele ya muuguzi, mamake yuko hapo, na kitabu cha mama na mtoto kiko mkononi kikiwa na ukurasa wa hatua za ukuaji: lini anatarajiwa kutabasamu, kuketi, kutembea, kuongea. Foleni ikiwa ndefu, uzito hupimwa, sindano hudungwa, na ukurasa huo ni rahisi kurukwa. Mama anaweza kuufungua mwenyewe na kuuliza.

Maswali ya kuuliza yapo tayari. Kuna orodha inayojulikana kama M-CHAT-R, ya maswali 20 ya ndiyo na hapana kwa watoto wa kati ya miezi 16 na 30, ambayo huchukua dakika chache. Nchini Uganda, Dkt Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake waliunda orodha ya maswali 23 kwa kuongezea yale 10 ya zamani ya kutambua ulemavu, wakaijaribu kwa watoto 1,169 wa miaka 2 hadi 9 katika eneo la Kampala na viunga vyake. Orodha kama hizi hazithibitishi usonji. Kazi yake ni kuchuja: nani aende nyumbani, nani apelekwe kwa mtaalamu.

LAWAMA KWA MAMA

Wakati Leo Kanner, daktari wa Baltimore nchini Marekani, alipoeleza usonji mwaka 1943 kupitia watoto 11, aliandika pia kuhusu ubaridi wa wazazi wao. Kwa miaka mingi baada ya hapo akina mama wa Marekani na Ulaya waliambiwa kwamba wamewaharibu watoto kwa kutowapenda. Sayansi ililitupa wazo hilo, lakini kumlaumu mama hakukuishia huko.

Pwani ya Kenya, watafiti wakiongozwa na Joseph Gona walichapisha mwaka 2015 walichoelezwa na wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa kuhusu chanzo cha usonji. Uchawi, laana na pepo wabaya vilitajwa, sambamba na maambukizi, matatizo ya kujifungua na urithi. Nairobi maneno hayo hayajapungua. Yanahama na watu. Mama anaulizwa alikanyaga nini akiwa mjamzito, ukoo wake una nini, mtoto huyu ni wa nani. Anazunguka kwa waganga na kwenye maombi, na pesa ambazo zingekuwa nauli ya hospitali zinaisha njiani, pamoja na miaka.

Wapo pia wanaouita usonji ugonjwa wa wazungu au wa matajiri. Mtafiti Victor Lotter aliwatafuta watoto wenye usonji katika miji 9 ya nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, akawapata, na ripoti yake ilitoka mwaka 1978. Kinachowafanya waonekane wachache mitaani ni kwamba hawajahesabiwa. Sensa ya 2019, iliyosema asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu, iliwauliza kuhusu hali hiyo watu wa kuanzia miaka 5 tu. Umri ambao dalili za kwanza huonekana haukuwamo.

WA KUONA NI WENGI, WA KUUNGANISHA HAYUPO

Mtoto wa Kianda hakosi macho ya kumtazama. Mamake humwona usiku na Jumapili. Dada yake wa darasa la tatu humbeba jioni. Jirani humlisha. Mama mlezi ndiye anayekaa naye saa nyingi kuliko wote, na ana kitu ambacho hata daktari wa kulipiwa hana: watoto wengine wa umri ule ule, chumba kile kile, kila siku. Akiwaita wote kula, anajua nani hugeuka na nani hageuki mpaka aguswe bega.

Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kupeleka elimu hii ni kwenye vituo hivyo vya kulelea watoto. Shirika la Kidogo, lililoanza mwaka 2014 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, limekuwa likiwafunza akina mama wenye vituo vya aina hiyo namna ya kucheza na watoto na kuwakuza, badala ya kuwachunga tu. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua upya Septemba 2023 wakiwa zaidi ya 100,000 nchini, tayari wanabisha milango ya Sarang'ombe, wadi ambamo Kianda imo, wakiwa na mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Maswali machache kuhusu kuitika na kuonyesha hayaongezi uzito kwenye begi lao.

Kwa upande wake, mzazi anaweza kumbadilishia mlezi swali la jioni. Badala ya kuuliza kama mtoto amesumbua, aulize: Leo amegeuka ukimwita? Amekuonyesha kitu chochote? Amekuletea kitu mkione pamoja?

WAPI PA KWENDA

Safari huanza kwenye kituo cha afya cha karibu, kama Kibera South kwa wa Kianda au Riruta kwa wa Kawangware, ambapo mzazi aombe barua ya rufaa. Mbagathi na Kenyatta ndizo hospitali kubwa zilizo karibu za kupimwa masikio na kuonwa na daktari wa watoto.

Kwa upande wa elimu, Kenya ina vituo vya kutathmini watoto vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoko Kasarani tangu 1986, hutathmini watoto pia. Ndani ya Kibera yenyewe kuna Little Rock, shule ya chekechea iliyoanzishwa na Lilly Oyare mwaka 2003, ambayo huwasomesha watoto wenye ulemavu na wasio nao darasa moja. Mwaka huo huo wazazi waliunda Chama cha Usonji Kenya, na kitengo cha watoto wenye usonji kikafunguliwa katika Shule ya Msingi ya City, Ngara. Mtoto akishathibitishwa, asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotiwa saini Mei 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 2003, inampa mzazi pa kushika anapodai huduma.

Mzazi asiende hospitali mikono mitupu. Mtoto hukaa na daktari kwa dakika kumi, tena akiwa amelala au amekasirika. Video fupi ya simu ikimwonyesha akiitwa jina, akicheza na akila, pamoja na tarehe zilizoandikwa za alipotembea, aliposema neno la kwanza na alipoacha, zina thamani kuliko maelezo ya kukumbuka. Mtoto wa kwanza katika ripoti ya Kanner, Donald Triplett wa jimbo la Mississippi, alianza kueleweka kupitia barua ya kurasa 33 iliyopigwa taipu, kutoka kwa babake. Triplett alisoma chuo kikuu, akafanya kazi benki, akasafiri nchi nyingi, na kufariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

KABLA YA MTAALAMU

Hakuna dawa ya kuondoa usonji, na anayeiuza anauza uongo. Kinachosaidia ni mazoezi ya mawasiliano yaliyoanza mapema, na mengi yanawezekana bila mtambo wala ofisi. WHO ina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yaliyoandaliwa ili yaendeshwe hata na wasio madaktari. Yamekuwa yakifanyiwa utafiti nchini Ethiopia na hapa Kenya.

Msingi wake unaonekana kwenye kikombe cha uji cha saa nne. Mlezi anachuchumaa mpaka uso wake ulingane na wa mtoto. Anakishika kikombe karibu na shavu lake, anasema “uji”, kisha ananyamaza na kungoja, moja, mbili, tatu, nne. Mtoto akitupa jicho, akinyoosha mkono au akitoa sauti yoyote, anapewa funda papo hapo huku neno likirudiwa: “uji.” Halafu tena. Kikombe kimoja kinakuwa mazungumzo kumi. Akivipanga vifuniko vya soda, usimnyang'anye. Kaa naye chini, ongeza chako kwenye mstari, ngoja aongeze chake. Jambo la kwanza analojifunza ni kwamba mtu mwingine anaweza kuingia katika mchezo wake na mchezo usiharibike.

Mazoezi hayo hayamdhuru mtoto asiye na usonji. Kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja barua ya hospitali ndipo uanze.

Kliniki ikikwambia umrudishe akifika miaka mitano, omba rufaa ya kwingine. Na serikali ya kaunti ikitaka kusaidia, isianze na jengo. Ianze na siku ya sindano ya miezi 18. Siku moja ya kufuatilia rufaa mjini ni siku moja bila kibarua, na katika nyumba nyingi za Kianda siku bila kibarua ni jioni bila chakula. Mama akilazimika kuchagua, atachagua chakula, na hakuna wa kumlaumu. Maswali ndiyo yanayopaswa kumfuata alipo: kwenye foleni ya chanjo, mlangoni kwake, na kwa mama mlezi anayejua vyema nani hugeuka akiitwa na nani hageuki.